Lavenda ipi hiyo? Ya kula, ya kupanda, ya kupaka na ya kunukia tu

Anayetafuta lavenda Arusha anaweza kurudi nyumbani na kimoja kati ya vitu vinne, na vyote vinauzwa kwa jina hilohilo. Kitalu cha miche kando ya barabara kitampa kichaka chenye maua ya zambarau. Duka la vipodozi litampa kichupa cha mafuta. Supamaketi ina pakiti ya maua makavu iliyowekwa jirani na chai za kigeni, na rafu mbili mbele kuna sabuni ya unga, dawa ya kupigia deki na kopo la kupulizia chooni, zote zimeandikwa lavenda. Sasa migahawa imeanza kuuza kahawa ya maziwa yenye lavenda, na mapishi ya keki ya lavenda yanazunguka kwenye simu za watu. Kwa hiyo swali la wengi ni la haki kabisa: kati ya hivyo vinne, kipi kinaingia mdomoni?

Kimoja, nacho kwa masharti. Masharti hayo yanaanzia kwenye mmea wenyewe, kwa sababu hata mmea si mmoja.

Ukoo mmoja, tabia mbalimbali

Lavenda ni jenasi ya mimea, Lavandula, yenye spishi zaidi ya 40. Asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, na jamaa zake wengine wametawanyika kutoka visiwa vya Atlantiki hadi India. Imo kwenye familia ya nanaa, kwa hiyo ni ndugu wa mrihani, rozimari, zaatari na kivumbasi. Ukilishika shina lake changa utahisi pembe nne, sawa na la nanaa.

Harufu yake imehifadhiwa kwenye vitezi vidogo mno vya mafuta, vingi vikiwa kwenye kikombe kile cha kijani-zambarau kinacholishika ua. Ndiyo maana ua likishakauka na kunyauka harufu bado ipo: petali huenda zikadondoka, kikombe kinabaki. Mafuta hayo yana kemikali kadhaa wa kadhaa, ila mpishi akizijua tatu zinamtosha. Mbili za kwanza ni linaloli na linalili asetati. Hizo ndizo harufu laini, ya maua, yenye utamu wa mbali. Ya tatu ni kafuri.

Linaloli haina ugeni jikoni kwetu. Ndiyo harufu kuu ya mbegu za giligilani, imo kwenye mrihani, imo kidogo kwenye iliki, imo hata kwenye majani ya chai. Kafuri ndiyo yenye matatizo. Ni ile harufu ya dawa ya kuchua kifua mtoto akiwa na mafua, na kwa familia nyingi za Kiislamu ni harufu ya kuosha maiti. Inafungua pua, inafukuza wadudu, na ikizidi kwenye chakula hakuna sukari itakayoificha. Tofauti kati ya lavenda ya kula na lavenda ya kutazama kwa sehemu kubwa ni tofauti ya kiasi cha kafuri.

Spishi inayotakiwa jikoni ni Lavandula angustifolia, ambayo wengine huiita lavenda ya kweli au lavenda ya Kiingereza, ingawa kwao ni milima ya kusini mwa Ulaya, si Uingereza. Kafuri kwenye mafuta yake kwa kawaida haifiki asilimia 1. Aina zake zinazojulikana na wapishi ni kama Munstead na Hidcote.

Inayofuata ni lavandini, chotara wa angustifolia na spishi nyingine ya Mediterania, Lavandula latifolia. Ni kichaka kikubwa, chenye mabua marefu, na hakitoi mbegu zinazoota. Huzalishwa kwa vipandikizi tu. Kafuri yake inaweza kufika asilimia 5 hadi 10. Kwa mkulima lavandini ni dhahabu, maana inatoa mafuta mengi zaidi kwa ekari, na yale mashamba ya zambarau ya Ufaransa yanayopamba kalenda mara nyingi ni ya lavandini. Mafuta yake huishia kwenye sabuni. Zipo aina zake chache zenye ukali mdogo ambazo watu huzipikia, kwa hiyo lavandini si sumu, ila inataka mkono mwepesi.

Halafu kuna zile mbili za bustani. Lavandula dentata ina majani yenye meno pembeni, kama msumeno mdogo, na juu ya kishada cha maua kuna kishungi cha vijani vya zambarau. Lavandula stoechas ina kishada kinene chenye vijani viwili vitatu vilivyosimama kileleni mfano wa masikio ya sungura. Zote mbili zina kafuri nyingi pamoja na kemikali nyingine kali. Kitawi kimoja kwenye sufuria hakitakuua, lakini ulichopika kitakuwa na ladha ya dawa.

Inayochanua kwa urahisi siyo inayoliwa

Hapa ndipo Arusha na Moshi zinapomchezea mtu shere. Lavenda ya kula ilizoea mahali penye majira manne. Aina nyingi za angustifolia huchanua vizuri baada ya kupita wiki kadhaa za baridi kali, kisha zikapata siku ndefu za kiangazi. Kusini mwa Ufaransa mwezi Juni jua huwa juu kwa zaidi ya saa 15. Sisi tupo nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote kwa mwaka mzima haifiki nusu saa. Baridi yetu ya Julai inatufanya tuvae makoti, ila usiku mjini Arusha unacheza kwenye nyuzi 12 hivi, na Moshi iliyo chini zaidi, kama mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, ina joto zaidi ya hapo. Kwa mmea unaosubiri theluji, hiyo si baridi ya kuuamsha.

Matokeo yake yanajulikana na kila aliyejaribu: mche wa angustifolia unakaa, unatoa majani ya kijivu yenye harufu nzuri, na maua yanakuja machache, kwa kusuasua, au hayaji. Dentata haihitaji mambo hayo yote. Inachanua karibu mwaka mzima mahali penye hali ya hewa ya wastani. Mwenye kitalu, ambaye anataka mche wenye maua siku mteja anapopita, atazalisha upi? Dentata, bila shaka.

"Shikamoo mama. Hii lavenda inaliwa?"

"Marahaba. Mbona Wazungu wanaila, mwanangu."

Hajadanganya, ni kwamba anazungumzia ndugu wa mche alioushika. Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalia jani. Likiwa na meno pembeni, nunua kwa ajili ya bustani na nyuki. Likiwa jembamba, limenyooka, kingo zake laini na rangi ya kijivu, una matumaini. Kuna pia mimea mingine ya zambarau inayopewa jina hili bila kuwa na undugu wa karibu: salvia ya Meksiko yenye vishada vya mahameli, na ua moja la vyungu lililozalishwa Afrika Kusini ambalo jina lake la biashara lina neno lavenda ilhali ni plectranthus. Hayo yaache nje ya jikoni.

Ukitaka kula, kwa hali yetu, njia rahisi ni pakiti ya maua makavu iliyoandikwa kwamba ni ya chakula na yenye jina Lavandula angustifolia. Pakiti isiyo na jina la kisayansi ni ya kunusa. Na maua ya duka la maua yasiguswe kabisa kwa kazi hii. Sisi wa ukanda huu, wenye mashamba ya waridi ya kwenda nje ya nchi kule Usa River, tunapaswa kulijua hili kuliko wengine: ua la kukatwa hupigwa dawa kwa ajili ya kupendeza, na hakuna aliyepanga mtu alile.

Jikoni: kwa nini inaonja sabuni

Malalamiko ni yaleyale kila mahali: "Nimeweka, ikawa kama nimemeza sabuni." Sababu ni tatu na mara nyingi zinakuja pamoja. Ya kwanza ni kumbukumbu. Wengi wetu tulikutana na lavenda kwenye nguo zilizofuliwa miaka mingi kabla ya kuikuta kwenye biskuti, na pua haisahau. Ya pili ni spishi, tumeshaizungumza. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni kipimo. Lavenda haipimwi kwa ngumi kama giligilani. Kwa keki ya unga robo kilo, kijiko kimoja cha chai cha maua makavu kinatosha, kilichopondwa kidogo kinuni au kusagwa pamoja na sukari ili mtu asitafune kikombe cha ua kikavu chenye kuchoma ulimi. Maua mabichi yana nguvu pungufu, kwa hiyo huchukua hadi mara tatu ya kipimo hicho.

Cha pili cha kujua ni moto. Linaloli hupanda na mvuke. Ukichemsha maua dakika 20, harufu nzuri inaondoka kwenda kunukisha dari, na kwenye sufuria unabaki na uchungu. Kwa hiyo lavenda hulowekwa, haichemshwi.

Sharubati ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Chemsha kikombe kimoja cha maji, kama mililita 250, pamoja na gramu 200 za sukari mpaka iyeyuke. Zima jiko. Tia kijiko kimoja cha chakula cha maua makavu, funika na mfuniko unaobana, uache dakika 10, uonje. Kama bado ni hafifu ongeza dakika tano. Chuja mara moja. Ukiyasahau maua humo hadi jioni utajuta. Weka kwenye chupa safi, friji, itumie ndani ya wiki mbili. Vijiko viwili vya sharubati hiyo, maji baridi na ndimu moja iliyokamuliwa vinatoa kinywaji kizuri sana kwa joto la Moshi la Februari.

Usitarajie rangi. Sharubati ya lavenda hutoka na rangi ya chai hafifu, pengine ya kijivu-njano, na ukitia ndimu inageuka waridi kwa mbali. Ile zambarau ya kung'aa kwenye picha za mtandaoni imetoka kwenye chupa ya rangi ya chakula au kwenye ua lingine kabisa. Mtu asidhani amekosea.

Maziwa yanaipokea lavenda vizuri kuliko maji, kwa sababu kemikali zake za harufu hupenda mafuta. Pasha maziwa yasiyopunguzwa mafuta mpaka yaanze kutoa mvuke pembeni, epua, loweka, chuja. Hayo ndiyo ya kutengenezea kastadi au aisikrimu, na hapo lavenda inaonyesha uwezo wake hasa. Kwa chai ya maziwa tatizo ni namna yetu ya kupika: maji, majani, maziwa na viungo vinachemka pamoja hadi vimwagike jikoni. Lavenda isubiri. Chai ikishaepuliwa, tia kibano kimoja cha vidole viwili, funika dakika tatu, chuja. Iliki inaelewana nayo. Tangawizi na pilipili manga zinaimeza kabisa, kwa hiyo chagua moja. Chai ya rangi ndiyo inayooana nayo zaidi, na sababu ipo: ile chai maarufu ya Kiingereza yenye harufu ya ganda la bergamoti, aina ya chungwa kali, inanukia hivyo kwa sababu mafuta ya bergamoti nayo yamejaa linaloli na linalili asetati. Ni harufu mbili zenye asili moja ya kikemia.

Kuhusu kahawa nitasema wazi: sioni sababu. Arabika ya miteremko ya Kilimanjaro, ikikaangwa kiasi, ina uchachu na harufu zake za matunda, na kuitia sharubati ya maua ni kumwambia mkulima wa Kibosho kwamba kazi yake haikutosha. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi ina uchungu unaoifunika lavenda, ukabaki unalipia sukari. Wanaoipenda wanaipenda, na migahawa inauza. Basi angalau iwe kidogo, na iwe na maziwa mengi.

Sukari ya lavenda ni rahisi kutengeneza. Chukua gramu 200 za sukari, kijiko kimoja cha chakula cha maua makavu, tia kwenye chupa kavu yenye mfuniko, tikisa, subiri wiki moja, chekecha. Maandazi yakitoka kwenye karai na kunyunyiziwa sukari hiyo yanapata kitu ambacho wageni hawatakitambua, watauliza tu umetia nini. Asali nayo inakubali njia hiyohiyo, ila kumbuka asali yoyote haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Nyama? Kuna mchanganyiko wa majani makavu wa kusini mwa Ufaransa unaouzwa duniani kote, na pakiti nyingi zina lavenda ndani. Mchanganyiko wenye nembo rasmi ya ubora ya Ufaransa hauna: hasa ni rozimari, oregano, zaatari na jani liitwalo sarriette. Lavenda iliongezwa kuwafurahisha wanunuzi wa mbali. Kwa mbuzi wa kuchoma rozimari inafanya kazi hiyo bora zaidi, na inaota Arusha bila kubembelezwa.

Kichupa cha mafuta

Mafuta ya lavenda hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye maua, kisha kuupoza na kuyatenga mafuta yanayoelea juu ya maji. Kilo moja ya mafuta ya lavenda ya kweli hula kilo 100 na zaidi za maua mabichi. Piga hesabu: kichupa cha mililita 10 kimebeba karibu kilo nzima ya maua. Tone moja ni gramu kadhaa. Hiyo ndiyo sababu kipimo cha "matone machache tu" hakina maana ya uchache hata kidogo, na ndiyo sababu pia kichupa kinachouzwa kwa bei ya soda kuna kila dalili kwamba hakina lavenda, bali linaloli ya kiwandani iliyochanganywa na mafuta mengine. Linaloli ya kiwandani si mbaya kwa sabuni. Ila si ya kunywa, wala si ya kupaka bila kujua ilichanganywa na nini.

Wengi huuliza matone mangapi kwenye chai. Sifuri. Mafuta hayayeyuki kwenye maji. Tone linaelea, na linafika kooni likiwa zima, bila kuchanganywa na chochote. Wauzaji hupenda kusema kwamba mamlaka ya chakula ya Marekani imeiorodhesha lavenda, hata mafuta yake, miongoni mwa viungo vinavyotambuliwa kuwa salama kwa chakula. Ni kweli. Lakini orodha hiyo inahusu kiungo cha kutia ladha, kinachopimwa kiwandani kwa viwango vidogo mno na kusambazwa sawasawa kwenye chakula kingi, mafuta yakiwa yanajulikana yalivyo. Sebule yenye kikombe na kichupa cha barabarani ni hali nyingine. Kwa mtoto mdogo kunywa mafuta ya namna hii ni dharura ya hospitali, na yenye kafuri nyingi yanaweza kuleta degedege. Kichupa kikae juu, pamoja na dawa.

Je, inatuliza? Ujerumani kuna vidonge vya mafuta ya lavenda yaliyosanifishwa, miligramu 80 kila kimoja, ambavyo vimefanyiwa majaribio kadhaa ya kitabibu kwa watu wenye wasiwasi, na kwa ujumla vilishinda vidonge bandia. Huo ni ushahidi wa dawa yenye kipimo kinachojulikana, inayomezwa kwa utaratibu. Hauwezi kuhamishiwa kwenye mshumaa wala kwenye kikombe cha chai ya maua, ambacho kina faida yake nyingine: dakika 10 za kukaa kimya bila simu. Anayetumia dawa za usingizi au za wasiwasi, na mama mjamzito, wamuulize daktari au mfamasia kabla ya kuigeuza lavenda kuwa tiba. Kipande cha keki hakina tatizo.

Kwa kupaka, kanuni ni kuyapunguza makali kwanza. Mililita 30 za mafuta ya nazi kwa matone 6 zinakupa takriban asilimia 1, na matone 12 asilimia 2. Mtu mzima hana haja ya kuvuka hapo. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku nzima. Na mafuta ya zamani ni mabaya kuliko mapya, kwa sababu linaloli ikikutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika kuwa vitu vinavyosababisha mzio wa ngozi. Ulaya vipodozi hulazimika kuiandika linaloli kwenye lebo ikizidi kiasi kidogo sana kilichowekwa. Funga kichupa vizuri, kiweke gizani, na kikianza kunuka tofauti kitupe.

Kuna jambo la watoto wa kiume ambalo limesambaa kwa kutiwa chumvi. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani waliripoti wavulana watatu waliovimba matiti kabla ya kubalehe, waliokuwa wakitumia bidhaa zenye mafuta ya lavenda au ya mti-chai (tea tree). Walipoacha, uvimbe ulipungua. Tangu hapo wataalamu wamebishana kama kweli mafuta ndiyo yaliyosababisha. Watatu si wengi, na ubishi haujafa. Hata hivyo, mtoto hana sababu ya kupakwa mafuta hayo kila siku, kwa hiyo si vigumu kuamua.

Kuotesha na kukausha

Ukiamua kupanda, sahau kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachaga. Chini ya migomba na kahawa kuna kivuli, matandazo, unyevu wa kudumu na udongo wenye tindikali kidogo ambao kahawa inaupenda. Lavenda inataka kinyume cha kila kimoja: jua la siku nzima, udongo unaopitisha maji haraka, na pH, yaani kipimo cha tindikali, ya 6.5 kwenda juu. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, Machame hadi Marangu, ina mvua nyingi mno kwa mmea huu. Upande mkavu, kama Sanya Juu, au nyuma ya Meru kuelekea Oldonyo Sambu, una nafasi bora. Mjini tumia chungu chenye matundu mapana, changanya udongo na changarawe theluthi moja, ongeza chokaa ya kilimo kidogo.

Inayoua lavenda hapa ni masika. Machi hadi Mei maji yakisimama kwenye mizizi, inaoza, na majani yanakuwa ya kijivu-kahawia huku mwenye bustani akidhani mmea una kiu na kuongeza maji. Chungu unaweza kukihamishia chini ya baraza. Cha ardhini kipandwe juu ya tuta.

Mbegu ni uvumilivu mtupu, na hazitoi mmea ulio sawa na mama yake. Chukua kipandikizi cha sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye tawi lisilo na ua, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Anayetaka kuagiza mche hai kutoka nje ya nchi apitie kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea yenye makao yake hapahapa Arusha, apate kibali. Kupogoa ni baada ya kuchanua, na mkasi usiingie kwenye mti mkavu usio na majani, maana hapo hauchipui tena.

Maua ya jikoni hukatwa vichipukizi vikiwa vimeshapata rangi na vichache tu vimefunguka, asubuhi umande ukishakauka. Funga vishada vyembamba, vining'inize vichwa chini, kivulini penye upepo. Julai, wakati wa mawingu na manyunyu ya Arusha, usikaushie barazani, vitaota ukungu. Vilete ndani, jikoni, karibu na joto.

Nyumbani, kwenye kabati na sakafuni

Hapa masharti yanalegea, kwa sababu hakuna anayekula. Dentata yako yenye meno, ile isiyofaa kwenye keki, sasa inafaa, tena kafuri yake ndiyo unayoitaka. Maua makavu kwenye kifuko cha kitambaa, kati ya shuka na foronya, yananukisha na kuwafanya nondo wasipende mahali hapo. Yaminye kila baada ya wiki chache harufu irudi. Kumbuka yanafukuza, hayaui. Sweta lenye mayai ya nondo tayari linahitaji kufuliwa na kuanikwa juani.

Maji ya kusafishia vioo: jaza chupa robo kwa maua, mimina siki nyeupe, acha wiki mbili, chuja, punguza kwa maji sawasawa. Ni nzuri kwa vioo na sinki. Usiipeleke kwenye sakafu ya tarazo wala marumaru, siki inakula chokaa na mng'ao haurudi.

Mbu ni suala zito zaidi. Mafuta ya lavenda huwasumbua mbu kwa muda mfupi, kisha yanapeperuka. Kwa anayeishi karibu na mashamba ya mpunga ya kusini mwa Moshi, muda mfupi hautoshi hata kufika saa nne usiku. Chandarua chenye dawa kibaki mahali pake.

Mwenye paka asiwashe kifaa cha kupuliza mafuta chumba kikiwa kimefungwa. Ini la paka halina uwezo wa kuvunjavunja kemikali hizi kama la binadamu, na anachokipata kwenye manyoya hukilamba.

Na kama shida yako ni kabati tu, huenda hukuhitaji lavenda kabisa. Kuna jamii ya mrihani wa porini, Ocimum kilimandscharicum, uliopewa jina la kisayansi kutokana na mlima wetu. Ni kichaka chenye majani ya kijani-kijivu yenye vinyweleo, na ukiyafikicha kafuri inakupanda puani mara moja. Kakamega, Kenya, wakulima wa kando ya msitu huulima na kuukamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua, na watafiti wameujaribu dhidi ya wadudu wanaokula nafaka ghalani. Hauliwi, na mtoto asipewe. Lakini haudai baridi ya Ulaya wala siku ya saa 15. Omba kipandikizi kwa mwenye nao, kichomeke masika yakianza, na majani yake makavu yaingie kwenye kifuko kilekile cha kitambaa.